Nusu ya Firigisi

Jumapili, tarehe 9 Septemba 1979. Saa kumi kasoro robo alasiri.

Saa hiyo ndiyo Shangazi alianza kusema. Najua kwa sababu nilikuwa natazama saa yake ya ukutani nikiogopa kuchelewa bwenini. Sasa ni kama saa kumi na moja na nusu. Nimekaa kwenye jiwe kando ya njia, katikati ya kwake na shule, naandika haraka kabla jua halijashuka nyuma ya mikaratusi. Nataka maneno yake yakae humu kama alivyoyasema, kabla sijaanza kuyapunguza ili yanifae.

Kwanza niseme ukweli, maana daftari hili halijawahi kunicheka. Kesho asubuhi pareti shule inachagua Kiranja Mkuu. Tuko wawili, mimi na Tusekile. Tusekile anatoka Mbeya, anaongea kama redio, na akicheka bweni zima linacheka hata wasiojua kilichochekesha. Mimi nikiitwa ubaoni shingo inawaka moto. Sijui walimu walinipendekeza kwa nini, labda kwa sababu sina kelele. Yeye analala kitanda cha juu, mimi cha chini, na ndoo yetu ya kuogea ni moja. Jumatatu iliyopita alipewa ruhusa kwenda kumzika bibi yake. Alitakiwa arudi jana. Hajarudi. Na Mwalimu Mkuu alishasema kwamba asiyekuwepo pareti amejitoa mwenyewe.

Sasa leo, baada ya misa, mama mmoja muuza vitunguu aliyekuja na lori kutoka Makambako aliniulizia getini akanipa kikaratasi. Mwandiko niliujua kabla sijakifungua. "Imelda rafiki yangu, basi letu limekatika ekseli hapa Makambako. Fundi anasema tutaondoka kesho alfajiri. Mwambie Mwalimu Mkuu aningoje hata mpaka mchana. Nakutegemea. Tusekile."

Nilikikunja mara nne nikakiweka katikati ya daftari hili. Sikumpelekea mtu yeyote. Nikiwa peke yangu pale mbele kesho, nitasema maneno matatu, watapiga makofi, basi imekwisha. Tusekile akiwepo, watamsikiliza yeye, mimi nitasimama pale kama mti wa bendera. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nikaomba ruhusa kwenda kumsalimia Shangazi, na huo haukuwa uongo, maana nilimsalimia.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Kijijini wanamwita Sekalinga, yaani binti wa akina Kalinga. Zamani alikuwa diwani wa wilaya, kisha akawa mbunge miaka mitano. Siku hizi ni mjumbe wa serikali ya kijiji, anagombana na bomba la maji na ng'ombe wanaoingia kwenye mahindi ya watu. Nilimkuta ananyonyoa jogoo. Nikamsaidia kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umelibana daftari kwapani. Nyama ilikuwa inakaribia kuiva ndipo nikapata ujasiri, nikauliza huku natazama moshi:

"Shangazi, enzi za kampeni zenu, mwenzako akichelewa mkutano ilikuwaje?"

Aliacha kuchochea. Alinitazama mimi, akalitazama daftari, akanitazama tena.

"Vuta kigoda, mwanangu," akasema. "Moto huu hauna haraka, na wewe usiwe nayo."

Haya ndiyo maneno yake.

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Lakini nikianza na siku hiyo hutanielewa, kwa hiyo ngoja nianzie nyuma kidogo, mtu mzima haendi kisimani bila kata.

Mimi nilikuwa na haya kama wewe. Usicheke, ni kweli. Marehemu mume wangu alipofariki niliachiwa watoto wawili na shamba la mteremkoni, na wanawake wenzangu wakanichagua niwe diwani kwa sababu nilijua kusoma. Baraza la kwanza nilinyamaza. La pili nilinyamaza. La tatu mwenyekiti akasema, "Mama, kiti hiki hatukukupa upumzike." La nne nikaandika hotuba kwenye kiganja kwa wino, nikasimama, nikafungua mkono. Jasho lilikuwa limefuta kila kitu! Nimesimama mbele ya wanaume tupu na kiganja cha bluu. Nikasema tu, "Maji. Tunataka maji." Nikakaa. Na kisima kikachimbwa, mwanangu, kipo mpaka leo. Siku hiyo nilijua kwamba sauti si lazima iwe kubwa, ila lazima itoke.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikazoea. Miaka ikapita, na mwaka wa sabini nikaingia kugombea ubunge. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke! Mjane! Nikasema chekeni, mkimaliza mtanikuta hapa hapa.

Wakati ule kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, wote wa Chama kimoja. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye ajue anapiga kura wapi. Nyumba ilikuwa yangu. Jembe alipewa Mwalimu Zakaria, mwalimu wa shule ya Walutheri, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Na taratibu zilikuwa kali. Mnasafiri gari moja. Mnapanda jukwaa moja. Mnapewa dakika sawasawa kwa saa ya msimamizi. Leo anaanza huyu, kesho yule. Mnasema Kiswahili, lugha za nyumbani mnaziacha nyumbani. Na mmoja asipofika, mkutano haupo.

(Hapa nilimkatiza. Nilisema, "Yaani mnapingana jukwaani halafu mnakaa bega kwa bega kwenye gari?" Akasema, "Bega kwa bega, goti kwa goti, na kikapu changu cha maembe juu ya mapaja yake.")

Na kula, tulikula sahani moja. Kila kijiji walituchinjia kuku. Sasa wewe unajua firigisi kwetu ni ya nani.

("Ya baba," nikasema. "Au ya mgeni mwanaume.")

Haya. Siku ya kwanza sahani ililetwa, firigisi imeelekezwa kwa Mwalimu Zakaria, wazee wanatazama. Akatoa kisu kidogo, kile cha kuchongea penseli, akaikata katikati, nusu akaisogeza upande wangu. Mzee mmoja akaguna, "Mwalimu, unamlisha mwanamke firigisi?" Akajibu huku anatafuna, "Mzee wangu, huyu hapa si mwanamke, huyu ni mgombea." Watu walicheka, na mimi nikala. Tangu siku hiyo, kila kijiji, kila firigisi ilipita chini ya kile kisu. Siku nyingine nusu yangu ilizidi yake.

Na si firigisi tu. Kuna mahali vijana walinizomea. "Nyumba isiyo na mwanaume inavuja!" Sikuweza kuendelea, nikakaa. Zamu yake ilipofika akasimama akasema, "Dakika zangu ni zangu, nazitumia nitakavyo. Mbili nawapa ninyi mnyamaze, ili mjue adabu." Akasimama kimya dakika mbili nzima, msimamizi anatazama saa. Hukusikia hata kuku. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa njia ya Idodi, kuteremka kule bondeni kwenye joto. Mwezi wa kumi, mvua bado, vumbi mpaka kwenye meno. Kuna mto pale ambao kiangazi hauna maji, ni mchanga mtupu, mweupe, unaota jua. Landrova ikaingia, ikanguruma, ikakaa kama ng'ombe aliyechoka. Dereva akasema, "Hapa tunachimba." Jembe lilikuwamo garini, la dereva, na Mwalimu Zakaria akalichukua yeye. Msimamizi akacheka, "Leo mgombea na alama yake!" Tulicheka wote. Mimi nilivua viatu nikae kivulini.

Wakapita wanawake na madebe kichwani. Wakanisalimu, "Kamwene," wakasema watu wamejaa uwanjani tangu asubuhi, wanatusubiri, si mbali. Nikamwambia msimamizi, "Naenda na hawa mama nikanywe maji, ninarudi." Akasema haya. Mwalimu Zakaria aliinua mkono, akaendelea kuchimba.

Mwanangu, nakwambia kwa moyo wangu wote, nilipoondoka pale nilikuwa na kiu kweli. Nia mbaya haikuwepo. Nia mbaya ilinikuta njiani. Mchuma janga huwa hajui kwamba anachuma, yeye anaona anaokota kuni.

Nikafika uwanjani miguu mitupu. Watu, watu! Mwenyekiti wao akaniuliza, "Mama, na mwenzako?" Nikasema yuko nyuma, anakuja. Akasema, "Basi wasalimie tu, wamechoka." Nikasimama nisalimie tu. Nikaona wanawake wazee wamekaa mbele, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Nikawasalimu kwa Kihehe. Nyuso zikafunguka! Na mimi, aliyezoea kuzomewa, nikasikia utamu ule ukipanda kutoka nyayo. Nikaendelea. Nikasema shule, nikasema dawa, nikasema nyumba ndipo mnapolala na watoto wenu. Hakuna saa, hakuna msimamizi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Na Jembe liko wapi?"

Nikasema, "Jembe? Jembe leo linalima mchanga!"

Walianguka kwa kicheko.

(Shangazi hakucheka aliposema hivyo. Alifunika chungu. Mimi nilitazama miguu yangu.)

Alipotokea, jua lilikuwa limeinama. Anakuja kwa miguu mbele ya gari, maana ilibidi alitafutie gari njia kwenye mchanga. Jembe begani. Mchanga kwenye nywele, kwenye nyusi. Na mkono mwingine, mwanangu, ameshika viatu vyangu. Alihofia nitaungua miguu.

Wakamwona na lile jembe, uwanja mzima ukalipuka. Alipopanda kusema, kila sentensi vijana wanajibu, "Lima mchanga, Mwalimu! Lima mchanga!" Alisema dakika zake zote. Hakuinua sauti. Msimamizi aliuliza nini kimetokea hapa, mwenyekiti akasema mama alikuwa anasalimia. Nami nikanyamaza. Mimi niliyejifunza kwa taabu kwamba sauti lazima itoke, siku hiyo niliimeza.

Tukakaa kula. Kuku akaja. Mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge, mengine yamepasuka, chumvi ya mchuzi inamchoma, naona anakunja vidole. Akatoa kile kisu. Nikasema moyoni, leo hatakata, na nilitamani asikate. Akakata. Nusu akaisogeza upande wangu, kama jana, kama juzi.

Ile firigisi haikumezeka. Ilikaa mdomoni kama kokoto.

Bibi mmoja, mama wa mwenye nyumba, ndiye aliyekuja kutunawisha. Alikuwa amekaa mbele pale uwanjani, alisikia kila kitu. Akanimiminia maji polepole, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, "Sekalinga, umewahi kufika. Vizuri. Sasa niambie, gari la huko Dar es Salaam nalo likikwama, utamwacha nani kwenye mchanga? Mimi?"

Halafu akaenda kumnawisha Mwalimu Zakaria, na yeye alimfutia mikono kwa kanga yake.

Nilishinda. Na kijiji kile kilinipa kura nyingi. Mwenzangu angeweza kushitaki, sheria ilikuwa upande wake. Hakushitaki. Alinipa mkono, akasema, "Kawafanyie kazi." Akahamishiwa shule moja kule Mbeya.

Nilifanya kazi, hilo silisemi kwa kujisifu. Kile kivuko cha mchanga nilikisimamia bungeni. Mara ya kwanza nikaambiwa fedha zikipatikana. Mara ya pili, wataalamu wanaangalia. Mara ya tatu, mheshimiwa awe na subira. Mara ya nne nikasimama hata kabla sijaitwa. Wenzangu wakanipa jina, Mama Mchanga. Nikasema niiteni mtakavyo, mimi sikai. Wakajenga kivuko cha zege, magari yakapita. Watu wakanishangilia. Lakini kila niliposhangiliwa nilimwona mtu anakuja na viatu vyangu mkononi.

Mwaka wa tatu nilipanda basi mpaka Mbeya. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga tangu Makambako.

(Aliposema Makambako nilishtuka hadi daftari likataka kudondoka. Nadhani aliona.)

Nilimkuta nyumbani kwake, ukungu umetanda, mkewe akaniwekea chai. Nikanywa kikombe cha kwanza, tukasema habari za viazi. Cha pili, habari za watoto. Cha tatu, habari za mvua. Akanisindikiza stendi. Neno likabaki kooni kama mwiba wa samaki. Mbunge mzima! Naweza kumsimamisha waziri mara nne, lakini neno "nilikukosea" limenishinda mbele ya vikombe vitatu vya chai. Nikajua basi kwamba haya ziko za aina mbili, mwanangu. Kuna haya ya kusema mbele za watu, hiyo haiui, inakauka kama jasho. Na kuna haya ya kusema ukweli wako mwenyewe. Hiyo ukiiacha inaota mizizi.

Ukaja uchaguzi wa sabini na tano. Nimepewa mpinzani mwingine, kijana, mzuri tu. Nikaapa. Kila mkutano, kabla ya lolote, nikasema, "Ndugu zangu, uchaguzi uliopita nilimwacha mwenzangu kwenye mchanga, nikaja kusema peke yangu, nikamcheka. Nimeona mjue kabla hamjapiga kura." Wenzangu wa Chama wakanivuta kando. "Mama, unajichimbia kaburi kwa mdomo wako! Nani alikuuliza?" Nikasema hakuna aliyeniuliza, ndiyo maana nasema. Watu wengine waliguna, wengine walisonya. Nilisema kijiji kwa kijiji mpaka nikafika pale pale Idodi. Yule bibi alikuwa hai, ameshikwa mkono. Akanitazama, akamtazama yule kijana mpinzani wangu tuliyeshuka naye gari moja. Akasema, "Umechelewa sana. Lakini leo umekuja na mwenzio."

Nikashindwa. Tena si kwa kidogo, nilibwagwa. Nikarudi hapa, nikashika jembe.

Baada ya mwezi hivi, kondakta wa basi la Mbeya akaja anauliza, Sekalinga ni nani. Ameshika jogoo, miguu imefungwa kamba, na kikaratasi shingoni: "Habari zimefika huku. Tugawane firigisi. Zakaria." Huyu unayemwona chunguni ni wa ukoo wa yule. Wakali wote, wanawika saa ambazo hazipo.

(Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, na machozi yalinitoka nikasingizia moshi. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia sawasawa.)

Sasa nisikilize. Mimi sikuulizi kilichomo kwenye hilo daftari unalolibana kama yai. Mtu na daftari lake. Nakwambia langu tu. Ukitaka cheo, kitafute, tena kitafute kwa nguvu zako zote, nani alisema msichana mpole asitake? Simama, tetemeka, useme. Lakini mwenzako akikwama, ngoja. Na kama huwezi kungoja, angalau sema kwamba amekwama. Ushindi wa peke yako ni kama ugali bila mboga, unashibisha lakini koo linajua. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, inafika haraka, mimi nilifika kabla ya gari. Ila nilichukua miaka mitano kurudi. Na ukishakosea, usisubiri vikombe vitatu. Sema kwenye cha kwanza. Neno la kweli halizeeki vizuri, mwanangu, si kama pombe ya ulanzi, linachacha siku hiyo hiyo.

Alisimama akaepua chungu. Akaitafuta firigisi kwa mwiko, akaiweka kwenye kibao, akaikata katikati. Nusu moja akanipa nikala pale pale, moto, ikaniunguza ulimi. Nusu ya pili akaifunga kwenye jani la mgomba, akalikaza kwa kamba.

"Hii si yako," akasema.

Sikuuliza ya nani.

Akaniwekea mkono kichwani, unanuka moshi na vitunguu. Akasema, "Mungu akupe sauti, hata kama ni ndogo. Akupe miguu ya kwenda na masikio ya kugeuka nyuma. Popote utakapofika, ufike na watu. Haya nenda, jua linakwenda."

Ndiyo hivyo. Kijani cha jani kimeshapaka ukurasa huu. Naona paa la bweni kutoka hapa. Najua la kufanya, ila bado nimekaa.

Jumatatu, tarehe 10. Naandika mchana.

Nilitaka kumpelekea Mwalimu Mkuu kikaratasi ofisini kabla ya pareti, kimya kimya, yaishe. Ofisi ilikuwa imefungwa. Kengele ikalia. Nikaitwa mbele.

"Tusekile hayupo," Mwalimu Mkuu akasema. "Imelda, sema machache, tupige kura."

Shingo iliwaka. Nilifungua daftari, nikatoa kikaratasi, nikakisoma chote kwa sauti, na "nakutegemea" nikaisoma pia. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wa nyuma wanyamaze wasikie.

"Kimefika lini hicho?"

"Jana, mwalimu. Baada ya misa."

"Kilikuwa wapi muda wote huo?"

"Kwangu."

Mmoja wa kidato cha pili akasema, "Heee!" Mwalimu Mkuu hakumkemea. Nikatamani ardhi inimeze, haikunimeza.

"Kura zitangoja mpaka saa nane," akasema. "Wote wawili mtasimama hapa. Na wewe chukua fyekeo, utafyeka nyasi za getini kuanzia sasa mpaka mwenzako afike."

Nilifyeka. Wasichana walipita wakinong'ona, wengine hawakunong'ona, walisema wazi kwamba sina kura hata moja tena. Inawezekana. Kufikia saa nne viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, nikamkumbuka mtu ambaye sijawahi kumwona.

Saa tano kasoro kidogo basi lilisimama njia panda. Akashuka Tusekile, mkoba kichwani, vumbi mpaka kwenye kope, kitambaa cheusi cha msiba begani. Aliniona, akaanza kukimbia.

"Imelda! Mbona na fyekeo? Wameshapiga?"

"Bado. Wanakungoja. Ngoja nikwambie kitu, usitue mzigo."

Nilimwambia yote, tangu mama wa vitunguu mpaka pareti. Alinipita akatembea mbele, nami nyuma yake na fyekeo, hatua nyingi, mpaka karibu na bomba la maji. Hapo akasimama, akatua mkoba, akasema bila kunitazama, "Sijala tangu jana."

Nikatoa jani la mgomba mfukoni mwa sketi, nikafungua kamba.

"Hii nini? Firigisi?" Aligeuka, akakunja uso. "Kwetu wasichana hatuli hii."

"Kula," nikasema. "Wewe ni mgombea."